Pumzi Katikati ya Neno

Desemba 2

Daktari amesema sukari iliyomo kwenye damu yangu inatosha kufungulia duka la peremende, kwa hiyo niandike kila ninachokula mpaka theluji iyeyuke, kisha nimpelekee. Haya. Asubuhi: wali, supu ya miso, nusu samaki wa chumvi. Mchana, ndani ya treni: matonge mawili ya wali. Jioni: wali tena, uyoga, kikombe kimoja cha sake, pombe ya mchele. Vilikuwa viwili.

Daftari ni nene na chakula changu ni kidogo, kwa hiyo nitajazia mengine. Daktari akiyasoma, shauri yake.

Tumefika kwa Bi Tazawa, kwenye nyumba yake ya wageni huku milimani Akita, mimi na kodiani yangu, mwimbaji wetu Dada Chizuru, na mwanafunzi wake Ritsu. Kazi ni ileile ya kila majira ya baridi. Wageni huoga maji moto ya chemchemi mpaka wanakuwa wekundu kama kaa wa kuchemsha, huvaa kanzu za pamba za nyumba, huketi mkekani kila mtu na sinia lake, na sisi huwaimbia enka, nyimbo zetu za huzuni za kizamani, mpaka samaki apoe. Dada Chizuru ana miaka sitini na tisa. Wageni huambiwa sitini na mmoja, na naona mwenyewe ameanza kusadiki.

Desemba 5

Wali, tofu, achari ya figili. Theluji. Wageni wote watu wa bima, wote wamelewa kabla ya ubeti wa kwanza.

Desemba 9

Uji. Samaki. Biskuti moja ambayo Bi Tazawa alinilazimisha.

Ritsu alinifuata jikoni nikinywa chai.

"Mjomba, ile sauti Mwalimu anaizungusha kwa koo au kwa tumbo?"

"Muulize mwenyewe."

"Nikimwuliza atanituma dukani nikanunue betri."

"Basi kanunue betri."

Akacheka, akaenda zake kufua kola za kimono. Dada hajamfundisha hata mstari mmoja. Ndivyo tulivyo sisi watu wa enka: mwalimu hafundishi, mwanafunzi huiba. Unaishi kwa mwalimu wako, unambebea mikoba, unamfunga mkanda wa kimono kabla ya onyesho, na muda wote huo masikio yako yanaiba. Dada mwenyewe alimwibia bibi mmoja wa Aomori ambaye alikuwa akimpiga kwa upepeo. Mimi sina ugomvi na wizi huu. Ugomvi wangu ni kwamba mwizi naye hufika siku akatakiwa kutoa mali hadharani, na Dada hajawahi kumwambia msichana huyu, "Leo panda wewe."

Na muda unamwishia. Baba yake ana shamba la matufaha karibu na Hirosaki, na alimpa majira matatu ya baridi. Haya ndiyo ya tatu. Kama theluji itaisha kabla hajasimama jukwaani kwa jina lake, atarudi nyumbani kupogoa miti. Nimemsikia akiimba vipande vipande akisugua sakafu. Kupeleka koo lile kwenye matufaha ni dhambi.

Desemba 14

Wali, supu, bata kidogo. Sake sitaji.

Leo lazima niandike jambo la kazi. Wimbo wa Dada ni mmoja tu ambao nchi nzima iliujua, nao ni "Mwavuli wa Pili". Mwanamke anakwenda stesheni kila mvua inaponyesha na miavuli miwili, mmoja wake na mmoja wa mtu asiyeshuka kwenye treni. Ubeti wa tatu unapanda hadi kwenye neno "nitakungoja", na Dada hulibeba neno hilo kwa pumzi moja, kulikunja kooni mara tatu, kisha kulishusha polepole mpaka chini kabisa. Nimempigia hivyo kwa miaka thelathini.

Leo alilikata. Aliimba "nita", akanyamaza, akavuta pumzi ndani kama mtu aliyekumbuka kitu, kisha "kungoja". Nusura kidole changu kiteleze. Na ukumbi mzima ulilia. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alifunika uso kwa taulo. Miaka yote hii Dada alikuwa ameficha dawa hii, na ameitoa sasa. Nilimpongeza pazia lilipofungwa. Akasema, "Umechelewa kuingia ubeti wa pili," akaenda kuvua kimono.

Desemba 17

Wali. Amekata tena neno. Wamelia tena.

Desemba 18

Vivyo hivyo. Bi Tazawa anasema wageni wanasimuliana kwenye maji.

Desemba 31

Tambi za soba za kufungia mwaka, bakuli moja na nusu. Mochi, ile keki ya wali uliotwangwa, hapana. (Mochi moja.)

Tulikaa chumba cha wafanyakazi kuangalia mashindano ya nyimbo kwenye televisheni, miguu yetu yote chini ya blanketi moja la meza yenye jiko la joto chini yake. Dada aliwahi kuimba kwenye jukwaa lile, zamani, mara moja. Huwa hasemi neno mpaka yaishe, ila akimwona msichana anayeimba kwa macho zaidi kuliko kwa koo, humenya chungwa kwa nguvu.

Baba yake Ritsu alipiga simu. Simu iko ukumbini, kila mtu anasikia.

"Ndiyo, Baba. Hapana, bado. Ndiyo, najua. Machi tarehe ishirini. Sawa." Akarudi, akaketi, akamwagia kila mtu chai. Dada alimtazama kwa kitambo, kisha akageukia televisheni. Nilikasirika. Mtu ana ufunguo mkononi na anamtazama mwenzake akigonga mlango.

Januari 10

Samaki, wali, supu ya figili.

Leo mgeni mmoja, mkandarasi wa barabara, alimshika Ritsu mkono alipokuwa akimimina chai. "Binti, mwalimu wako kachoka leo. Hebu tuimbie wewe ule wa mwavuli."

"Siwezi, bwana."

"Huujui?"

"Naujua."

"Sasa?"

"Si wangu."

Mkandarasi akacheka, kwa kuwa huko kwao mjini kila mlevi huuimba kwenye mashine ya karaoke baada ya bia mbili. Hajui kwamba kwa watu wa kazi hii wimbo una mwenyewe, na huufungulii kinywa mbele ya watu mwenyewe akiwa chini ya paa hilo mpaka akupe. Dada alikuwa mlangoni. Alikuja, akapiga magoti mbele ya sinia la mkandarasi kwa adabu zote.

"Bwana, wimbo unaoutaka ni wangu, na mimi nipo. Ukitaka cha binti huyu, ana chai nzuri sana."

Watu wakacheka, mkandarasi naye, na mambo yakaisha. Lakini nilimwona Ritsu akiondoka na birika, masikio yake mekundu. Naandika wazi: Dada Chizuru ana wivu. Anaona msichana ana miaka ishirini na minne na mapafu ya ng'ombe, na moyo unamuuma. Simlaumu kwa kuumwa. Namlaumu kwa kumfungia.

Januari 15

Uji tu. Tumbo.

Januari 22

Dhoruba tangu jana. Treni imesimama bondeni, hakuna mgeni hata mmoja, na theluji imeziba madirisha ya chini. Nilikula wali na yai, halafu nikawa sina la kufanya.

Alasiri nilikwenda kuoga. Njiani, karibu na chumba cha kukaushia mashuka, nilisikia "Mwavuli wa Pili". Nilisimama. Nilidhani ni santuri, kisha nikakumbuka kwamba Bi Tazawa aliiuza ya kwake. Ilikuwa sauti ya Dada Chizuru alipokuwa na miaka arobaini, ile niliyoipigia nikiwa bado na nywele: nzito chini, nyembamba juu, na ile mikunjo mitatu inayofuatana bila kugusana. Niliinamisha kichwa kwenye ukuta wa mbao kama mtu anayesali.

Nilipogeuka, Dada alikuwa nyuma yangu, taulo kichwani, ndoo ya kuogea mkononi. Hakuniona. Alikuwa anasikiliza kwa uso ambao sijawahi kuuona, uso wa mtu anayemtazama mwanawe akitembea. Niliona aibu kwa yote niliyoyaandika tarehe kumi.

Kisha ubeti wa tatu ukafika, na Ritsu akapanda, "nita", akavuta pumzi, "kungoja".

Dada aliweka ndoo chini. Akageuka na kurudi chumbani kwake bila kuoga, na ndoo niliibeba mimi.

Januari 23

Sikumbuki nilichokula asubuhi. Mchana tambi.

Nilimpelekea ndoo yake, na nikamwambia yaliyokuwa moyoni. "Dada, mtoto yuko tayari. Hata wewe ulisikia. Mpandishe wiki hii, baba yake aje kumwona akiwa mwimbaji."

"Ulisikia nini, Eikichi?"

"Nilikusikia wewe. Hakuacha kitu. Mpaka ile pumzi ya ubeti wa tatu ameichukua."

"Ile pumzi," alisema, akaanza kukunja taulo lililokwisha kukunjwa. "Unadhani ile ni nini?"

"Ni huzuni. Ukumbi mzima unalia."

"Ni pumzi, mpumbavu wewe. Imeniishia. Tangu Desemba sifiki mwisho wa neno. Mnalia nyote mnapomwona kikongwe anatweta."

Miaka thelathini nimeifuata pumzi yake kwa vidole hivi, na nilikuwa nimempongeza.

"Na yule," akasema, "ana kifua cha kuvukia bahari. Hana haja ya kusimama pale hata siku moja. Ameniibia kila kitu changu, Eikichi, na sikumlaumu, niliacha milango wazi. Sasa ameniibia na uzee."

"Basi mwambie."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umeishiwa pumzi."

Aliinua uso. Hasira haikuwepo usoni mwake. Ilikuwa hofu, na Dada hajawahi kuogopa kitu mbele yangu. "Nikilisema mara moja kwa mdomo wangu," alisema, "kesho nitapandaje jukwaani?"

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilimwachia ndoo, nikaondoka.

Februari 3

Sikukuu ya kutupa maharage. Unatupa ya kufukuza mashetani, unakula kwa idadi ya miaka yako. Dada alikula sitini na moja mbele ya wageni, akihesabu kwa sauti. Nyuma ya pazia alinyosha mkono kimya, nikampa manane yaliyobaki. Mimi nilikula yangu yote na mengine. Daktari, ni mila.

Februari 6

Wali, dagaa.

Dada ameacha sake. Asubuhi huchukua sepetu na kusafisha njia ya kwenda kwenye maji, kazi ya wafanyakazi wa Bi Tazawa, na wao husimama mlangoni wakiona haya. Nilimwuliza anafanya nini.

"Natafuta pumzi."

"Nishushe wimbo nusu ngazi ya sauti, Dada. Hakuna atakayejua."

"Yeye atajua. Nikishusha ataiba na huko kushuka. Lazima nilifikishe neno lile kwa pumzi moja, mara kadhaa tu, aibe lililo sahihi. Halafu nikianguka, nianguke."

Ndiyo njia pekee ya kufundisha anayoijua: kuacha mali nzuri mahali pa kuibwa. Nilichukua sepetu la pili. Mgongo wangu unauma hadi sasa.

Februari 9

Amekata neno. Karibu, lakini amekata.

Februari 11

Amekata.

Februari 14

Wali, samaki, chokoleti nne ambazo wasichana wa jikoni waligawa kwa wanaume wote, hata mimi.

Amefika. "Nitakungoja", lote, pumzi moja, mikunjo mitatu, hadi chini. Nilipiga nyuma yake kama mtu anayemfuata mtoto kwenye ngazi. Pazia lilipofungwa alishika nguzo ya kuning'inizia kimono na hakuiachia kwa dakika kadhaa. Ritsu alimletea maji, akamfuta jasho shingoni. Dada alimtazama usoni, akitafuta kama msichana ametambua. Sijui aliona nini.

Ukumbini watu walipiga makofi ya kawaida. Mama mmoja ambaye huja kila mwezi alisema kwenye ngazi, "Mwezi uliopita ilikuwa nzuri zaidi. Ilikuwa na uchungu."

Februari 15

Nilimkuta Ritsu kwenye chumba cha mashuka, akiimba. Bado anakata. Sikujizuia.

"Jana Mwalimu wako hakusimama pale."

"Niliona, Mjomba."

"Basi?"

"Watu hawakulia." Alikuwa anakunja shuka, akasimama nalo limefunguka katikati. "Mimi nimesikiliza miaka mitatu. Pale ndipo watu hulia. Nikipata siku moja tu mbele ya Baba, unataka niache kukata pale?"

Sikuwa na jibu ambalo si siri ya mtu mwingine. Nilimwambia apeleke mashuka juu. Hana kosa hata kidogo. Alifundishwa kuamini masikio yake, na masikio yake yanamwambia ukweli kuhusu wageni na uongo kuhusu mwalimu wake.

Februari 20

Wali. Dada ana homa. Daktari wa kijiji amemkataza kuimba. Wageni wanaimba wenyewe kwenye mashine, na mimi nakula mapema, ambalo ni jambo jema kwa sukari tu.

Februari 27

Bado kitandani. Maji yanadondoka mapaani. Nimeanza kuichukia sauti hiyo. Kila tone ni la baba yake Ritsu.

Machi 6

Uji, yai.

Dada aliamka leo. Kikohozi kimeisha lakini amekonda, kimono kinampwaya. Jioni aliniita chumbani, na Ritsu alikuwepo, amepiga magoti na mkanda mikononi, tayari kumfunga.

"Usifunge," Dada alimwambia. "Weka mkono hapa. Chini ya mbavu. Na mwingine mgongoni. Usiogope, sivunjiki. Eikichi, ubeti wa tatu. Taratibu."

Nilipiga. Aliimba kwa sauti ya chumbani, amefumba macho. Alipopanda "nita" niliona mikono ya Ritsu ikitetemeka pamoja na ubavu ule, kisha ikabaki tupu, kwa sababu chini yake hapakuwa na kitu tena. Dada alivuta hewa. Ilichukua muda. "Kungoja," akamaliza.

Ritsu hakuondoa mikono.

"Nilidhani ni madoido," alisema mwishowe.

"Nilitaka watu wadhani hivyo. Wewe hukutakiwa kuwa mmoja wao."

"Mwalimu, niliimba hivyo mara ngapi. Ulisikia?"

"Nilisikia."

Msichana aliinama mpaka paji la uso likagusa mkeka, akalia bila sauti, na Dada akampigapiga mgongoni kama anayetoa vumbi kwenye godoro. "Basi, basi. Mwizi halii na mali mkononi. Rudisha ile moja tu. Nyingine kaa nazo." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe unalia nini, umekula nini?"

Sikuwa nimekula kitu.

Machi 7

Wali. Dada amemwambia Bi Tazawa kwamba onyesho la mwisho, tarehe kumi na tisa, ataimba Ritsu. Bi Tazawa aliuliza ataimba nini. "Mwavuli wa Pili," Dada akasema, huku akitafuta miwani yake. Bi Tazawa alinitazama. Nilitazama kodiani. Kumpa mtu wimbo maana yake hutauimba tena bila ruhusa yake. Dada ana mmoja tu.

Machi 13

Ritsu haimbi kabisa. Anasugua, anabeba, anamimina. Nilimwuliza kama ni woga. "Nasikiliza kilichobaki nikimtoa Mwalimu sautini mwangu," alisema. "Sijasikia kitu bado, Mjomba." Nilikosa usingizi kwa ajili yake.

Machi 19

Mchana wali kidogo, jioni sikuweza.

Baba yake alifika saa tisa na lori, kamba na turubai nyuma kwa ajili ya mizigo ya binti. Mtu mrefu, mkono mmoja una kovu la msumeno wa kupogolea. Alitoa salamu, akaoga alipoambiwa aoge, akavaa kanzu ya nyumba iliyomfika magotini, akaketi nyuma kabisa. Hakugusa sake.

Dada alitoka mbele ya pazia akiwa amevaa kanzu ya pamba kama wageni, nywele hazijatengenezwa. Watu walidhani ni mzaha. "Huyu anayekuja anaitwa Kazuno Ritsu," alisema. "Wimbo mtakaousikia ulikuwa wangu. Kuanzia leo ni wake." Kisha akashuka, akaenda kuketi mkekani mstari wa mbele, kwenye sinia lake, akiwa amenyosha mgongo. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijawahi kumwona kutoka juu ya jukwaa.

Nilikuwa nimemwuliza Ritsu kama nipandishe au nishushe. "Pa Mwalimu palepale," alisema. Ubeti wa kwanza alikuwa Dada mtupu, na moyo wangu ukaanza kuzama. Wa pili, sauti ilianza kukauka. Sisemi ilikuwa mbaya. Yule mwanamke wa stesheni siku zote alikuwa analia. Kwa Ritsu aliacha kulia. Alisimama na miavuli yake miwili kama mtu aliyekuja kudai chake. Na alipofika "nitakungoja" alilibeba lote, bila hata kulikunja mara tatu, mara moja tu, na akalishikilia hadi nikadhani mimi ndiye nitakayeishiwa. Safari hii niliamini kwamba mwanamke yule angengoja kweli.

Hakuna aliyelia. Waliweka vijiti chini, kisha makofi yakaja na hayakuisha haraka. Dada hakupiga makofi. Alikuwa ameinama kwenye sinia, mikono mkekani, kama anavyoinama mwanafunzi.

Baadaye baba yake Ritsu alikuja karibu yangu, akasimama akitazama kodiani. "Huyu nilimfundisha kupanda ngazi ya miti," alisema. "Alikuwa anaimba huko juu nikamwambia anyamaze, atawaogopesha ndege."

"Ulikosea, kaka."

"Nilikosea," alisema. "Kamba zile nitazifanyia nini sasa." Niliona anatabasamu.

Machi 20

Asubuhi wali, supu, samaki mzima.

Tulikuwa tunafunga mizigo ukumbini, Ritsu pamoja nasi, tukisubiri gari la stesheni. Wageni waliolala hapo walikuwa bado wanakunywa chai, na mama yule wa kila mwezi alimwita Dada. "Mama Chizuru, utatuacha bila hata mmoja? Utuimbie ule wa mwavuli, basi, wa kuagana."

Wengine wakaitikia. Dada aliweka mkoba chini. Alipiga magoti, lakini hakuwaelekea wageni. Alimgeukia Ritsu, akaweka mikono mkekani, akatumia maneno ambayo mtu humwambia aliyemzidi.

"Mwenye wimbo, naomba ruhusa niuimbe."

Baba yake Ritsu, aliyekuwa akitusaidia kufunga mizigo, aliiacha kamba. Nilimtazama msichana na nikajua ningefanya nini mimi: ningesema ndiyo haraka haraka, kwa heshima, na kila mtu angejua kwamba sijapewa kitu. Ritsu naye alipiga magoti, akainama zaidi ya Dada.

"Leo hapana, Mwalimu. Samahani."

"We mtoto," baba yake alisema kwa sauti ya chini.

Dada akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu zile, na alipoinua uso ulikuwa umelowa, na ulikuwa mwepesi kuliko nilivyouona majira yote haya. "Safi," alisema. "Umenikatalia. Sasa ni wako." Akanigeukia. "Eikichi, toa hiyo kodiani kwenye sanduku. Unaukumbuka ule wa wavuta nyavu, wa kijijini kwetu?"

"Naukumbuka."

"Nipe huo. Ushushe."

Miaka thelathini sijawahi kumsikia akiniomba hivyo. "Kiasi gani, Dada?"

"Shusha tu. Mimi nitakuambia basi."

Nilishusha nusu ngazi, nikamtazama. Akatikisa kichwa. Nikashusha ngazi nzima, kisha nyingine, mpaka nikafika mahali ambapo sijawahi kumpigia mwanamke, na kodiani yenyewe ikaanza kunguruma. Gari la stesheni lilipiga honi nje. Ritsu alikwenda kumwambia dereva asubiri, akarudi, akaketi miguuni pa mwalimu wake na kuanza kusikiliza.

"Basi," Dada akasema, akavuta pumzi, akaimba.